Kopo la Rangi Iliyobaki

Chumba anachofanyia kazi Kivuli kilikuwa stoo ya rangi kabla hakijawa ofisi, na mpaka leo ukifungua mlango asubuhi harufu ya rangi ya mafuta ndiyo inayokupokea kwanza, kompyuta unaiona baadaye. Meza yake ameiweka palepale palipokuwa pakiegemezwa ngazi ya mama yake. Sakafuni kuna madoa mekundu na ya buluu ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyashinda. Mtu anayekuja kuagiza tovuti huyatazama madoa yale, akamtazama mwenye chumba, kisha akarudi nyuma hatua moja kuhakikisha hajakosea mlango.

Jina lenyewe, Kivuli, alibandikwa na mtaa akiwa bado hajaota meno ya pili. Mama yake alikuwa mchoraji wa mabango, na hakuna herufi aliyoichora bila kuiwekea kivuli nyuma yake, cheusi au cha kahawia, ili herufi isimame ukutani kama mtu aliyesimama juani. Kila alipokwenda, binti yake alimfuata na ndoo ya brashi. Watu wakasema Mama Brashi, kama walivyomwita mama huyo, ana vivuli viwili, cha jua na cha kuzaa. Cha jua kilipotea kila magharibi. Cha kuzaa kilibaki, kikakua, kikapata mvi za kwanza.

Mwanamke juu ya ngazi lilikuwa jambo la kutazamwa enzi zile. Mama Brashi alivaa suruali ya marehemu mumewe, ameifunga kiunoni kwa kamba, na wanaume waliopita chini hawakuweza kupita kimya.

“Mama, shuka! Utaanguka!”

“Nikianguka nitakuangukia wewe, kwa hiyo sogea.”

Alichora vinyozi, maduka ya dawa, shule za udereva, mafundi viatu, mlango mmoja wa mtu aliyetaka tu jina lake liandikwe kwa sababu hakuwahi kuliona limeandikwa. Na alikuwa na desturi moja ambayo wachoraji wenzake waliiona ni wazimu. Kazi ikiisha, rangi iliyobaki hakuondoka nayo. Aliimimina katika kopo dogo, akagonga kifuniko kwa nyundo mpaka kikakaza, akampa mwenye duka pamoja na brashi iliyochakaa. “Herufi ikichubuka,” alisema, “usingoje.”

“Unajikatia riziki mwenyewe,” wenzake walimwambia. “Herufi ikichubuka si ndiyo mteja akuite?”

“Ukuta ni wake,” Mama Brashi alijibu.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango, kuta zikanyamaza. Kivuli alikuwa amekwisha kusomea kompyuta, amekaa miaka kadhaa katika kampuni ya watu akipanga kurasa za watu. Macho ya mama yake yalipoanza kuchoka alirudi nyumbani, akaifagia stoo, akaweka meza. Alitengeneza tovuti za nyumba za wageni, za mafundi, za kwaya moja iliyogombana kabla tovuti haijaisha. Na alizitengeneza mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza wa msimbo, yale maagizo yanayoiongoza kompyuta, mpaka wa mwisho. Programu zilizokwisha kutengenezwa na wengine, zile ambazo nusu ya dunia inazitumia, hakuzitaka. “Nguo ya kuazima haisitiri,” alipenda kusema.

Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Tovuti iliyoshonwa kwa mkono wake ni yeye tu aliyejua mishono yake. Mteja akibadilisha namba ya simu, atampigia Kivuli. Akibadilisha saa za kufungua duka, atampigia Kivuli. Hakumdhulumu mtu. Kila alipopigiwa alifanya kazi, na aliifanya vizuri. Ila hakumfundisha mtu pia, na simu zile ndizo zilizoweka mkate mezani.

Ugonjwa wa mama yake ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kushoto lilikuwa halitofautishi tena uso na ukuta. La kulia liliona dunia kana kwamba imefungwa kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi. “Nilizaa mtoto mmoja akanishinda,” Mama Brashi aliwaambia majirani, “sasa nimeletewa mwingine jichoni.” Alicheka nao. Majirani walipoondoka alikaa mlangoni, akipapasa vidole vyake kimoja kimoja, vidole ambavyo sasa havikuwa na la kufanya.

Kliniki ya macho ilikuwa mji mwingine, safari ya kuamkia alfajiri. Daktari wa upasuaji alitoka mbali zaidi, akaja kwa zamu, na siku za zamu zake ziliandikwa kwenye tovuti ya kliniki. Kivuli alizisoma, wakasafiri. Walipofika walikuta lango liko wazi, mabenchi yamejaa, na daktari hayupo.

Mwanamke wa mapokezi alisimama katikati ya ukumbi akieleza jambo lilelile kwa sauti iliyokwisha kukauka: zamu imesogezwa, poleni, zamu imesogezwa. Wagonjwa walimwita Bi Foleni, maana ndiye aliyewapanga, na hakuna aliyewahi kumruka akafanikiwa. Mbele yake alisimama mzee aliyeshikwa mkono na mkewe, na mkewe naye alikuwa akipapasa ukuta.

“Lakini tovuti yenu imesema leo,” Kivuli alimwambia.

“Tovuti yetu inasema hivyo tangu mvua zilizopita, mdogo wangu. Aliyeitengeneza alikuwa kijana mzuri, mcheshi kabisa. Akasema mkitaka kubadilisha kitu, nipigieni. Kisha akapata kazi ng’ambo. Simu yake haiiti. Funguo kaondoka nazo kichwani.”

“Hakuna mwingine anayejua neno la siri?”

“Lingekuwa la siri?”

Mama Brashi aliguna kutoka kwenye benchi. “Msijali jamani. Hata daktari angekuwepo, mimi nisingemwona. Hasara yangu ni ndogo.”

Benchi zima likacheka. Mzee aliyeshikwa mkono aliuliza, bila kumwuliza mtu hasa, atawaambia nini watoto wake waliochangishana kumleta. Kivuli aliutazama ukumbi ule, akaelewa kitu ambacho miaka yote ya kazi yake hakikuwahi kumkaa hivyo: kwamba kati ya watu hawa wako wanaoweza kufunga safari hii mara moja tu. Tarehe moja iliyochacha kwenye ukurasa ingeweza kumwacha mtu gizani maisha yake yote.

Muuguzi mkuu, mama mnene mwenye miwani iliyoning’inia kifuani, alisikia kwamba kuna mtengeneza tovuti ukumbini, akatoka ofisini kwake kwa haraka kama mtu aliyesikia kuna fundi bomba. “Tutengenezee mpya,” alisema. “Upange mwenyewe, itumie programu gani, ikae wapi, sisi hatujui. Tunachotaka ni kimoja. Zamu ikisogea, watu wajue kabla hawajapanda gari. Na mama yako nitamwandika zamu ijayo, awe wa mwanzo mwanzo.”

Ndivyo kazi ilivyompata Kivuli, na aliipokea kama mtu anayelipa deni la moyo. Alipanga kutengeneza mfumo wake mwenyewe, mzuri kuliko yote aliyowahi kuifanya. Na juu ya ukurasa wa kwanza aliweka jicho. Ukurasa ukifunguka, kope zinafunguka, jicho linamtazama msomaji, linapepesa mara moja, linatulia. Alilishughulikia jicho lile kwa mapenzi, akirekebisha ukope mmoja mmoja.

Mama yake alikaa mlangoni akisikiliza vidole vyake kwenye vitufe.

“Herufi zina kivuli?”

“Siku hizi hawaweki kivuli, mama.”

“Basi zitasimamaje?”

“Zinasimama hivyohivyo.”

“Zimelala hizo. Hebu niwekee kwenye simu yangu nisikie.”

Simu ya Mama Brashi ilikuwa imewekewa ile sauti inayowasomea wasioona. Kivuli akafungua ukurasa. Sauti ikakohoa kidogo, kama ilivyo kawaida yake, ikaanza: picha. Picha. Picha.

“Kumbe ndiyo dawa yenyewe,” alisema Mama Brashi. “Kutwa mara tatu, picha.”

Kivuli alicheka mpaka akaegemea meza. Tarehe za zamu alikuwa amezipanga ndani ya picha nzuri, na simu haisomi kilichochorwa, inasoma kilichoandikwa. Siku hiyohiyo akaziandika upya kwa maneno. Jicho hakuligusa. Na mfumo aliuona uko tayari.

Akaupeleka kliniki kwa majaribio. Bi Foleni aliketishwa mbele ya kompyuta ya mapokezi, akajifuta mikono kwenye sketi, akaagizwa abadilishe tarehe moja tu. Katika mfumo wa Kivuli tarehe zilikaa kwenye mstari wa msimbo, kati ya alama mbili, na kwa Kivuli ulikuwa mstari rahisi kuliko yote duniani. Bi Foleni aliandika polepole, kidole kimoja, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Akabonyeza. Alikuwa amefuta alama moja bila kujua. Ukurasa wote ukawa mweupe, hakuna jicho, hakuna tarehe, hakuna kliniki.

Akaondoa mikono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. “Nimeiua?”

“Hapana, dada. Ni kitu kidogo.” Kivuli aliinama, akairudisha alama, ukurasa ukafufuka. “Usihangaike nao kabisa. Zamu ikisogea, nipigie tu simu mimi.”

Bi Foleni alimtazama. Hakuwa na ukali wowote. Alikuwa na ile huruma ya mtu anayeona mwenzake anaelekea kwenye shimo analolijua.

“Na yule kijana,” alisema, “alisema hivyohivyo.”

Kivuli alirudi nyumbani na maneno hayo. Alikaa dirishani mwa gari njia nzima akijitetea kimoyomoyo: yeye si kijana yule, yeye hasafiri, simu yake huita. Kila utetezi ulisimama kidogo, ukaanguka. Aliposhuka hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipita mtaa wa nyuma, na mbele ya duka la kinyozi akasimama.

Kinyozi alikuwa juu ya kigoda, amempa mgongo, anachora. Mkokoteni uliopita ulikuwa umekwangua ukuta wake na kuondoka na nusu ya herufi moja ya bango, bango alilolichora Mama Brashi miaka ambayo kinyozi huyu alikuwa bado ana nywele. Mkono wake haukuzoea brashi, na herufi ya O aliyokuwa akiifufua ilikuwa imetoka kama yai lililokaliwa.

“Usinicheke, Kivuli.”

“Sijacheka.”

“Umecheka kwa mabega, nimekuona kwenye kioo cha mlango.”

Mkononi alikuwa na kopo dogo, limejaa kutu, kingo zake zina alama za nyundo. Kivuli alilitambua kabla hajaliona vizuri. “Bado lina rangi hilo?”

“Juu imefanya ngozi. Ukiitoboa ngozi, ukatia tina kidogo ya kuilainisha, chini ni mbichi kabisa. Mama yako alinipa sijaoa.”

“Si ungeniambia? Ningekuja kukutengenezea.”

“Lini?”

“Wiki ijayo, hata.”

“Mimi nanyoa leo,” alisema kinyozi, akarudi kwenye yai lake. Kisha, bila kugeuka: “Na usidhani kopo hili lilimnyima mama yako kazi. Mke wangu alipofungua duka lake la nguo, nani alilichora? Na la shemeji yangu? Mtu aliyekuachia kopo humsahau, Kivuli. Nishikie kigoda.”

Akamshikia. Akakishikilia kigoda kile kwa muda mrefu kuliko herufi ilivyohitaji.

Alipofika mezani kwake hakuufuta mfumo. Aliukunja akauweka kando, kama fundi cherehani anavyoikunja nguo aliyoishona kwa uhodari wake wote, ila haimtoshi mvaaji. Kisha akaanza kupanga upya, na safari hii hakujiuliza ni programu ipi iliyo hodari kuliko zote. Alijiuliza ni nani atakayeishika siku ambayo yeye hayupo.

Swali hilo lilimchagulia karibu kila kitu. Alichukua ile programu ya watu wengi aliyozoea kuidharau, kwa sababu mtu huingia kwa mlango mmoja, huandika kama anavyoandika barua, hubonyeza, yamekwisha. Na hata Kivuli akifa kesho, fundi yeyote wa mji wowote ataweza kuifungua. Alichagua umbo jepesi ambalo simu ya zamani yenye mtandao wa kusuasua ingelifungua bila kuugua. Wazo la programu ya kupakua kwenye simu alilitupa, maana mtu asiyeona vizuri humwongezei kazi ya kutafuta na kupakua. Jina la tovuti na mahali inapohifadhiwa aliviandikisha kwa jina la kliniki yenyewe, si lake. Funguo walipewa wawili, Bi Foleni na muuguzi mkuu. Na jicho lililopepesa alilitoa. Hilo lilimuuma, si uongo.

“Mpango wangu wa kwanza,” alimwambia muuguzi mkuu, “ulinifaa mimi kuliko ninyi.”

Muuguzi mkuu aliivaa miwani yake, akamtazama, akaivua. “Mwanangu, mipango mingi ninayoletewa hapa iko hivyo. Tofauti ni kwamba hakuna anayerudi kuniambia.”

Kumfundisha Bi Foleni kulichukua chai nyingi. Alikuwa na tabia ya kuiambia kompyuta samahani kabla ya kubonyeza. Kivuli alimwagiza avuruge ukurasa makusudi, aandike upuuzi, afute kichwa cha habari. Alikataa kwanza, halafu akafanya kwa furaha ya mtoto anayeruhusiwa kukanyaga tope. Kisha Kivuli akamwonyesha kitufe cha kurudisha ukurasa ulivyokuwa jana.

“Kwa hiyo hata nikikosea, jana ipo?”

“Jana ipo.”

Bi Foleni alitikisa kichwa. “Ningekuwa na kitufe hiki nilipoolewa!”

Zamu ilipokaribia, jioni moja kabla ya safari, Kivuli alimweleza mama yake yote: yai la kinyozi, kopo, nguo aliyoikunja. Mama Brashi alisikiliza akiwa ameukunja uso.

“Kwa hiyo umekubali kujikatia riziki kama mimi.”

“Nimekubali. Ila wewe hukuwahi kuniambia ulianzaje.”

“Nilianza kwa kusahau,” alisema Mama Brashi. “Nilikuwa nachora duka la dawa, mimba yako imenifika hapa. Nilikuwa sijamaliza mstari wa mwisho ukaanza kunipiga mateke ya kutoka. Wakanishusha kwenye ngazi kama mzigo, kopo likabaki pale. Usiku ule ikanyesha mvua, ikaosha nusu ya kazi yangu mbichi. Mwenye duka angeweza kuita mchoraji mwingine, na walikuwepo, walikuwa wanamzunguka. Hakuita. Alichukua kopo langu akachora mwenyewe, vibaya, kama kuku kapita. Watu wakimwuliza nani kachora duka lako, akasema ni Mama Brashi, amekwenda kujifungua, atarudi. Nimelala hospitali nakutazama wewe, kazi yangu inanishikia nafasi.” Akapapasa kidole gumba chake. “Tangu hapo nikawa nasahau makusudi.”

Kivuli aliuchukua mkono wa mama yake, akakuta ukucha wa kidole gumba bado una mstari mwembamba wa buluu.

Siku ya upasuaji waliambiwa wazime simu, Kivuli akaizima yake, akaitia chini kabisa ya mkoba. Mama Brashi aliingizwa miongoni mwa wa kwanza, amevaa kofia ya karatasi, akimwuliza daktari kama yeye mwenyewe anaona vizuri. Kivuli alikaa kwenye benchi la ndani. Saa zilipita zikijikokota. Mama yake alitolewa akiwa na bandeji jicho la kulia, amechoka, mzima, na Kivuli akakaa kando ya kitanda bila kujua kinachoendelea nje ya pazia.

Alijua alipotoka kutafuta maji. Wauguzi wawili walikuwa wakinong’ona ukumbini: mashine ya kutakasia vifaa imekufa. Wa leo wanaobaki watalala hapa. Wa kesho hakuna.

Wa kesho. Walikuwa wanafunga mizigo sasa hivi. Kivuli aliuacha mtungi wa maji pale ulipokuwa, akakimbia mpaka mapokezi.

“Dada! Nimesikia mashine. Nipishe kwenye kompyuta, nibadilishe haraka, watu wataanza safari!”

Bi Foleni alikuwa anakoroga chai. Hakuinua hata macho. “Nimeshabadilisha.”

“Umeshabadilisha?”

“Ulidhani nangoja nini? Na waliokuwa na namba zao nimewapigia. Wewe rudi kwa mama yako.”

Kivuli aliitoa simu mkobani, akaiwasha, akafungua ukurasa. Ulifunguka mara moja, mwepesi, na juu kabisa palikuwa na maneno ambayo hakuyaandika yeye:

“Wapendwa wagonjwa wetu, mashine ya kutakasia vifaa imeharibika. Wa kesho MSISAFIRI!! Daktari haondoki mpaka itengenezwe, amesema kwa kinywa chake. Njooni Alhamisi. Mkiwa mmeshapanda gari shukeni. Poleni sana na asanteni.”

Alama za mshangao zilikuwa mbili. Neno kubwa lilikuwa limejisukuma pembeni mwa mstari. Mkono wa Kivuli ulitaka kulinyoosha, kidole kikafika hata kwenye kioo. Akakirudisha. Huenda mahali fulani yule mzee aliyeshikwa mkono na mkewe alikuwa anasomewa maneno haya, anashusha mzigo begani, anawaambia watoto wake ni Alhamisi. Kazi ilikuwa inamshikia nafasi.

“Asante, dada,” alisema.

“Asante ya nini? Kaa unywe chai, umekuja mbio.”

Bandeji ilifunguliwa asubuhi yake. Mama Brashi alipepesa jicho, likatoa machozi, likatulia. Alitazama dirisha kwa muda, kisha mikono yake, mbele na nyuma. Kisha binti yake.

“Umezeeka,” alisema.

“Asante, mama.”

“Si vibaya. Unafanana na mimi.” Kisha akaomba simu, na safari hii hakuiweka sikioni. Alisoma tangazo lote polepole kwa sauti, neno kwa neno, mpaka poleni na asanteni. “Nani kaandika?”

“Bi Foleni.”

“Ile sauti? Anaandika kama anavyosema.” Akalisogeza karibu. “Herufi hazina kivuli.”

Mashine ilitengenezwa, Alhamisi ikafika, mabenchi yakajaa kwa siku ile ile iliyotajwa. Jicho la kushoto nalo lilifanyiwa upasuaji zamu iliyofuata. Na lilipopona, Mama Brashi akatangaza kwamba kliniki iliyomrudishia macho haiwezi kuendelea kuwa na lango lenye maandishi yaliyolala. Muuguzi mkuu alimkataza kupanda ngazi. Daktari akamkataza kwa simu. Akakubali kwa masharti: Kivuli atapanda, yeye atatoa amri.

Kwa hiyo Kivuli alivaa suruali ya baba yake, akaifunga kiunoni kwa kamba, akapanda. Alikuwa hajashika brashi kwa miaka. Herufi za kwanza zilitoka na woga, za baadaye zikakumbuka. Bi Foleni alishikilia ngazi kwa mikono miwili.

“Mdogo wangu, shuka, utaanguka!”

Kivuli alitaka kujibu, ila mama yake alimtangulia kutoka chini: “Akianguka atakuangukia wewe, kwa hiyo sogea!”

Mstari wa chini ulikuwa wa kufikiwa na mtu aliyesimama, na huo aliachiwa mama mwenyewe. Mama Brashi alichovya brashi katika rangi ya kahawia, akalikaribia lango mpaka pua ikakaribia kugusa, akaanza kuziwekea vivuli herufi za binti yake, moja baada ya nyingine, bila haraka. Wagonjwa waliokuwa wakiingia walisimama kutazama. Mmoja akasoma kwa sauti, kwa kujivunia kwamba anaweza.

Walipomaliza jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ukuta wa jirani. Kivuli aliimimina rangi iliyobaki katika kopo dogo, akagonga kifuniko pande zote kwa nyundo mpaka kikakaza, akalifuta kwa tambara. Akampa Bi Foleni, na brashi iliyochakaa juu yake.

Bi Foleni alilipokea kwa mikono miwili, akalitikisa sikioni kusikia kama lina kitu. “Na hili nalo lina kitufe cha jana?”

“Hilo halina,” alisema Mama Brashi. “Hilo ukikosea, unapaka tena.”